Mstari wa Gasebeyi

Godeliva tumemzika Runazi, pembeni ya shamba lake la mihogo, mvua ikidondoka ile ya kivivu, hailoweshi wala haikatiki. Nilipewa nafasi niseme maneno machache kama mtu aliyefanya naye kazi, nikasema marehemu ndiye mtu pekee niliyemjua aliyeweza kuigombeza kompyuta ikasikia. Watu wakacheka kidogo, wale wa mbele wakaangalia chini. Siku hizi misibani hiyo ndiyo kazi yangu: naitwa nichekeshe, napewa chakula, narudi nyumbani. Baadaye tumekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, tunakula wali, kijana mmoja wa jirani anayesoma takwimu chuoni akaniuliza, "Shikamoo mzee. Hivi kambini zamani mlikuwa mnatengeneza majedwali kwa programu gani?" Nikamwambia, ile inayokataa. Akatabasamu, akadhani natania. Mimi nilikuwa namjibu. Jina lake lenyewe lilikuwa la Kiingereza, liko kwenye jalada la kitabu cha maelekezo, na Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, tulipoachana mimi na shule bila ugomvi. Nikamaliza wali wangu. Nilikuwa nangoja nilie, maana yule mama nilimpenda kama dada, lakini hakikuja kitu. Hata ule mwaka wetu kambini nikiukumbuka huwa hivyohivyo, kama mguu uliokufa ganzi: ni wangu, nauona, ila nikiufinya haujui.

Ya nyumbani kwetu Kanazi nayaacha, kila nyumba ina ya kwake. Niseme tu kwamba nilipata kazi kwa sababu niliulizwa kama naijua kompyuta nikasema naijua. Na kweli nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeiona mara moja parokiani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Wanyarwanda walikuwa wamesharudi kwao, Warundi ndio waliojaa kwenye makambi ya Ngara, turubai mpaka macho yanapoishia, na shirika lililotuajiri kazi yake ilikuwa kujua wako wangapi na ni kina nani, ili chakula kije cha kuwatosha. Mtu aliulizwa yuko mtaa gani wa kambi, ana umri gani, ametoka kilima gani kwao Burundi, maana Mrundi kwao ni kilima, kama sisi tunavyosema kijiji. Majibu yakaandikwa kwenye fomu. Godeliva, ambaye mwenyewe alikuwa mkimbizi na alikuwa ameshasomesha shule ya msingi kwao, alikaa mezani akigeuza majibu kuwa namba: kilima fulani namba hii, kilima fulani namba ile. Mimi nikaziingiza namba kwenye kompyuta. Programu ikazijumlisha ikatoa jedwali. Ukishaelewa hapo umenizidi mimi nilivyokuwa miezi ya kwanza.

Chumba chetu kilikuwa cha mbao na bati, madirisha ya wavu, na vumbi jekundu liliingia bila kubisha hodi. Kulikuwa na kompyuta mbili, moja mzima na moja mgonjwa, na printa ya utepe iliyolia kama msumeno unaokata bati. Jenereta ilinguruma nje, na ikikohoa tu, mimi na Godeliva tuliacha kupumua, maana umeme ukikatika kabla hujahifadhi kazi, asubuhi nzima imekwenda. Upande wa pili wa ukuta walikaa madereva. Mbao zilikuwa zimeachana, kwa hiyo maisha yao yote tuliyasikia. "Hawa mwakani hawapo," mmoja alisema. "Na mwaka jana ulisema hivyo." "Mwaka jana nilikuwa nakisia." "Na mwaka huu?" "Mwaka huu nakisia vizuri." Godeliva aliyasikia hayo kalamu mkononi, uso haukubadilika, akaendelea kuandika namba za watu ambao mwakani hawapo, yeye akiwa mmoja wao. Nilimuuliza kama maneno yale yanamuudhi. Akasema, "Mdogo wangu, yule dereva hajawahi kukisia kitu kikawa. Mwache aseme."

Bosi wetu alikuwa Bwana Kimario, mtakwimu hasa, mtu wa Moshi, mpole, na kila sentensi aliisema kama ameipima kwanza. Siku moja alikuja na jedwali mkononi akasimama nyuma ya kiti changu.

"Deo."

"Naam, bosi."

"Humu wazee wa kiume wajawazito wamewazidi akina mama."

"Kambi kubwa hii, bosi. Mambo mengi."

"Labda ni shibe," Godeliva akasema bila kuinua kichwa. Na shibe kambini, kwa ugali ule wa mahindi ya njano na maharage yaliyokuwa yanapikwa tangu alfajiri na bado yanaruka mdomoni kama changarawe, ilikuwa kichekesho chenyewe.

Bwana Kimario hakucheka, akavuta kiti akakaa. Akachapisha mistari michache ya namba mbichi, akaweka rula chini ya kila mstari, akatuonyesha. Mwanzoni vilima vilikuwa vichache, kila kimoja kilipewa namba ya tarakimu mbili. Vilipozidi, Godeliva akaanza kuviandika kwa tarakimu tatu, alivyoelekezwa, lakini programu hakuna aliyeiambia. Kila kitu baada ya kilima kilikuwa kimesogea nafasi moja. "Hii programu haisomi maana," Bwana Kimario alisema. "Inasoma nafasi. Ukiiambia jinsia iko nafasi ya saba, itakwenda ya saba. Ukiweka kiatu hapo, itahesabu viatu." Tukarekebisha maelezo ya nafasi, moja moja, yeye anasoma, Godeliva anahakiki, mimi nabonyeza. Wazee wakajifungua salama, wote, kwa mpigo mmoja wa kibodi. Nimezunguka na kichekesho hicho miaka yote hii. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kinachofuata huwa sikisemi, kwa sababu hakina mahali pa kucheka.

Kwa kuwa vilima sasa vilikaa sawa, jedwali la watu kwa vilima walivyotoka lilitoka kwa mara ya kwanza bila vituko. Nililitoa kwenye printa nikampa Godeliva alihakiki. Alilisoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini, akarudi juu, akashuka tena. Mchana ule sahani yake ilikuwa pembeni, ugali umeanza kuota ngozi.

"Gasebeyi haipo," akasema.

"Gasebeyi ndiyo nini?"

"Kwetu."

Halafu akanieleza, kwa sauti ileile aliyotumia kuomba kifutio. Alitoka kwao na mume wake, na mdogo wake, Domitila, msichana ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kujifunga kitenge. Kwenye kivuko cha mto watu walisukumana, risasi zikalia, mume akabaki upande ule hajaamka tena, na Domitila mkono wake ukachomoka kwenye mkono wa dada yake. Kwenye ofisi ya kutafuta ndugu waliopotezana Godeliva alishakwenda, akatoa jina na kilima, Domitila wa Gasebeyi, wakamwambia mtu huyo hawana. Akawa anangoja jedwali. Kila fomu iliyopita mikononi mwake aliisoma, lakini fomu zilisomwa na watu kadhaa, meza kadhaa, siyo zote zilipita kwake. Jedwali lingezijumlisha zote. Kama Domitila yu hai na yuko kwenye makambi haya, alisema, lazima Gasebeyi iwe na mwanamke.

Nikamwambia asikate tamaa mapema, nikamwonyesha mstari wa mwisho kabisa, ulioandikwa *Kwingineko*. Programu ilikuwa imewekewa kwamba kilima chenye watu wachache kisipewe mstari wake, kiunganishwe na wenzake wachache huko chini, ili jedwali lienee kwenye ukurasa. Gasebeyi inaweza kuwa imo humo. Akaangalia lile neno kwa muda. "Kwingineko," akarudia, kama mtu aliyeonyeshwa kaburi la pamoja akaambiwa achague. Hilo la kaburi nalisema mimi leo. Siku ile niliwaza tu kwamba ugali wake utaliwa na nzi.

Tukaanza kuitafuta ile sehemu ya programu inayoamua nani apate mstari na nani asipate. Kwa kazi hiyo tulikuwa na saa ya chakula tu, Bwana Kimario akiwa amekwenda kula na madereva wamelala. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kinene, kurasa za mwisho, zile zenye kukuambia kitu kiko wapi, mlinzi alishazisokotea tumbaku. Godeliva alijua Kifaransa, mimi nilijua kutikisa kichwa, Kiingereza kikabaki katikati yetu kama mgonjwa asiyeeleweka anaumwa wapi. Nilibadilisha hiki, skrini ikaganda. Nilibadilisha kile, programu ikaandika kwamba faili halipo, faili ambalo nilikuwa nalitazama. Siku moja ilitoa jedwali ambalo kila kilima kina watu sawasawa, nikamwambia Godeliva amani imepatikana Burundi. Akasema, "Hifadhi, tuwapelekee." Hatimaye nikaipata sehemu yenyewe, pameandikwa kiwango cha chini, nikaweka sifuri, nikaamuru ichapishe.

Ikachapisha. Sifuri ilimaanisha kila kilima, hata ambacho hakina mtu, na vilima vya Burundi vilikuwa vimeingizwa vyote. Printa ikalia, karatasi zikamiminika, zikajaa chini ya meza, zikaelekea mlangoni. Nikajaribu kuisimamisha programu ikakataa, ndiyo maana naiita ile inayokataa. Godeliva alipiga magoti sakafuni anazikagua zinavyotoka, sifuri, sifuri, sifuri. Bwana Kimario akatutokea mlangoni, kijiti cha kuchokonolea meno mdomoni, karatasi zinamfikia viatu.

"Mnafanya nini?"

Mimi nikaanza utani fulani, sikumbuki upi. Godeliva akasema ukweli palepale, akiwa chini vilevile. Bwana Kimario akatoa kijiti mdomoni. "Mama, jedwali halitafuti mtu," akasema. "Jedwali linahesabu. Tuliwaahidi watu hawa kwamba hatutatumia majibu yao kumfuata yeyote nyumbani kwake. Nikiruhusu leo kwa wema, kesho atakuja mwenye nia nyingine." Na alikuwa sahihi, kambini kulikuwa na watu waliojificha kwa sababu nzuri. Akasema pia kwamba kwa kosa kama lile angetakiwa kutuondoa kazini sote wawili. Printa ikaendelea na vilima vyake. Godeliva akavuta karatasi moja, akaweka kidole. Gasebeyi ilikuwa na mtu mmoja.

Nikasema, kumfariji, "Basi huyo ni wewe, dada. Angalau umehesabiwa."

"Mimi siyo," akasema. "Mimi nimeandikwa kilima cha mume wangu."

Bwana Kimario akachukua ile karatasi, akaisoma, akamrudishia. Akangoja mpaka printa ikamaliza. "Karatasi hizi msizitupe, tutachapisha upande wa nyuma," akasema. Akafika mlangoni akageuka. "Mkimpata, msiende na gari la shirika. Na mtamuuliza kwanza kama anataka kuonwa." Akaondoka. Sijui mpaka leo kama ile ilikuwa ruhusa. Tuliifanya ruhusa.

Yule mmoja tukaanza kumzungushia majedwali. Programu haikuweza kubeba mambo mengi kwa pamoja, ikizidishiwa inasema kumbukumbu haitoshi, kwa hiyo kila mchana tulikuwa tunauliza swali moja. Gasebeyi kwa kambi: tukapata kambi, na ilikuwa yetu hiihii. Kesho yake Gasebeyi kwa jinsia. Nilibonyeza, tukangoja huku tunakula maharage, mstari ukatokea. Mwanaume.

Godeliva akatafuna alichokuwa anatafuna, akameza. "Haya," akasema. "Domitila hayupo." Akachukua tonge jingine. Nilitaka kusema kitu, na mimi si mtu wa kukosa cha kusema, lakini mdomo ulikuwa mzito kama umetoka kwa mng'oa meno. Nikamuuliza kama tuache. Akasema hapana, mtu wa kwao ni mtu wa kwao, huenda huyo anajua walikufaje. Basi tukaendelea. Umri: mzee. Mtaa: ule wa ng'ambo ya bonde, mwisho kabisa wa kambi.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Kambi ile ilikuwa mji, ukitembea unapita vinyozi, wauza sabuni, makanisa ya turubai yanayoshindana kwa ngoma, na watu tuliokuwa tumewajumlisha walipita kando yetu bila kujua kwamba wamo. Mtaani tulimwuliza mama mmoja kama kuna mzee wa Gasebeyi. Akakwenda kwanza yeye kumuuliza kama anataka wageni, maana Godeliva alilishika sharti la Bwana Kimario. Mzee akakubali. Alikuwa Mzee Ntahondi, mwembamba, amekaa mlangoni anasuka mkeka.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba." Mimi alinipa mkono. Godeliva hakumpa. Alimwangalia tu, kwa muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kuangalia viatu vyangu. Godeliva akaongea naye Kirundi, na Kihangaza chetu ni ndugu yake, kwa hiyo nilifuata. Akamtajia baba yake. Mzee akaitikia. Akamuuliza nani wa Gasebeyi aliyefika huku. Mzee akajibu kwamba wanaume, ni yeye tu. Godeliva akamuuliza kama aliona alivyokufa Domitila.

Mzee akaacha mkeka. "Domitila gani amekufa? Domitila mke wa Savieri?"

"Domitila mdogo wangu. Ni msichana."

"Alikuwa msichana," mzee akasema. "Miaka inakwenda, mama. Ameolewa hapahapa, ana mtoto mgongoni. Yuko mtaa wa tatu kutoka hapa. Hivi mlimtafuta wapi?"

"Gasebeyi."

"Atakuwaje wa Gasebeyi na ana mume? Wasichana wetu wa Gasebeyi wako wengi tu hapa, wote ni wa vilima vya waume zao. Wewe mwenyewe uliandikwa wapi?"

Mwaka mzima Godeliva alikuwa amekaa mezani akiwageuza wanawake kuwa namba za vilima vya waume zao, kwa sababu hivyo ndivyo walivyosema na hivyo ndivyo inavyosemwa, hata mama yangu ukimwuliza kwao atakutajia kwa baba. Alijiandika hivyo mwenyewe. Lakini mdogo wake alikuwa amemwacha pale kivukoni anajifunga kitenge, na kichwani mwake msichana yule hakuwa ameongeza hata siku. Programu ilikuwa imejibu swali tulilouliza. Safari hii haikukataa.

Mzee alituelekeza bila kuinuka. Domitila tulimkuta amekaa kivulini mwa turubai anachambua maharage kwenye ungo, mtoto amelala mgongoni. Nilijiandaa kwa kilio. Nilishaona watu wakikutana kambini, nilijua kelele zake, nikasogea kando niwaachie nafasi. Domitila akainua uso. Akamwangalia dada yake kama mzee alivyomwangalia.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Akafuta kigoda kwa kiganja, akakisogeza. Godeliva akakaa. Maharage yakaendelea kuchambuliwa, mabovu huku, mazima kule.

"Ulikuwa unaishi wapi?"

"Hapahapa. Nafanya kazi pale penye jenereta."

"Pale napita nikienda kuchukua chakula."

"Sijakuona."

"Na mimi sijakuona." Domitila akatoa punje moja, akaigeuza, akaitupa. "Watu walisema walikuona majini, dada. Wewe tulishakuganduka."

Neno hilo halikuhitaji kutafsiriwa kwangu, hata kwetu lipo jambo hilo. Siku za msiba zikipita, ndugu wanapika pombe ya ndizi, wanaita majirani, wanasema maneno ya mwisho juu ya marehemu, wanakunywa. Baada ya hapo majembe yanarudi shambani na machozi yanakatazwa. Aliyefanyiwa hivyo amekwisha. Ndiyo maana mzee hakumpa mkono, na ndiyo maana mdogo wake hakulia: alishamlilia, na akafunga. Sasa marehemu amekaa kwenye kigoda na hakuna aliyejua desturi inasemaje hapo. Mimi ndiyo kabisa. Nilisimama na utani wangu wote kama mtu aliyebeba mwavuli ndani ya nyumba.

Godeliva ndiye aliyeuliza. "Nani alinisemea?"

"Mzee Ntahondi."

"Alisema nini?"

"Kwamba ulikuwa mkali, lakini nyumba yako ilikuwa safi."

Godeliva akatikisa kichwa kukubali. Mtoto akajinyoosha mgongoni mwa mama yake, akarudi usingizini.

"Na pombe ilitosha?"

"Haikutosha," Domitila akasema. "Wengine waliondoka hawajaonja."

Godeliva akavuta ungo ukawa katikati yao, akaanza kuchambua upande wake. "Hao itabidi tuwaite," akasema.